Niliharakisha kumrudisha Dogo kwao, baada ya siku tisa akarudi mtaani

Namba ya simu ya mama yake alikuwa nayo kichwani. Aliitaja haraka haraka bila kukosea, akacheka, kisha akajilaza tena kwenye boksi lake. Nikaiandika pembeni mwa ukurasa wa daftari langu. Kesho yake mchana nikaipiga.

Naandika habari za afya kwa mwaka wa nne sasa. Sikumbuki simu nyingine niliyoipiga kwa nia njema kiasi kile ikaleta madhara kiasi kile. Nasimulia hapa kwa sababu ukurasa huu unasomwa na wazazi, na naamini wengi wenu mngekuwa mimi siku ile mngeipiga pia.

Mwalimu asiye na darasa

Ilikuwa mwaka jana, jijini Mwanza. Mhariri alitaka habari kuhusu vidonda na magonjwa ya ngozi kwa watoto wanaolala nje. Nikaomba kufuatana na timu ndogo inayowafuata watoto hao usiku, kwa kushirikiana na maofisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Nikakubaliwa usiku tatu.

Aliyeniongoza ni kaka mmoja wa makamo, mpole, ambaye watoto wote walimwita Mwalimu ingawa hana darasa wala chaki. Begani alikuwa na begi lenye bandeji, sabuni, mkasi wa kukatia kucha na karata. Tulianza saa tatu usiku maeneo ya Makoroboi, machinga wakifunga bidhaa zao, tukamaliza karibu na soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, ambako watoto huokota dagaa wanaodondoka wakati wa kupakia magunia.

Kabla hatujaondoka Mwalimu alinipa masharti yake. Usipige picha. Usitoe pesa. Usiahidi kitu ambacho huna mkononi. Usimwinamie mtoto, chuchumaa macho yenu yalingane. Na siku ya kwanza usimuulize kwa nini aliondoka nyumbani.

"Sasa tutaongea nini?" nikamuuliza.

"Mpira," akajibu.

Kweli wakaongea mpira. Simba, Yanga, na Pamba ya hapo hapo Mwanza. Mwalimu alikaa chini kwenye sakafu ya baraza, akacheza karata na wavulana watano kwa zaidi ya saa moja, wala hakuuliza swali hata moja ambalo mimi ningeliandika. Nilikuwa naangalia saa. Nilidhani tunapoteza muda.

Mmoja wa wale watano ndiye ninayemwita Dogo, kwa sababu hata wenzake walimwita hivyo. Jina lake nalihifadhi. Alikuwa na miaka 12, mwembamba, amevaa kandambili mbili zisizofanana. Kwenye muundi wa mguu wa kushoto alikuwa na kidonda kirefu alichokatwa na bati akiokota chuma chakavu. Kilikuwa kimeanza kutoa usaha.

Mkononi alishika chupa ndogo ya plastiki yenye gundi ya viatu. Nikamuuliza anapata nini humo. Akanijibu bila aibu, "Anti, ukivuta husikii njaa, na ile baridi ya alfajiri ya ziwani huisikii."

Hiyo ndiyo siri ya gundi ambayo wazazi wengi hawaijui. Mvuke wake huingia kwenye mapafu na kufika kwenye ubongo kwa muda mfupi sana, ukapoza njaa, baridi na hofu. Mvuke huo huo unaweza kuvuruga mapigo ya moyo na kuua ghafla, hata kwa mtoto anayeivuta kwa mara ya kwanza. Akiendelea miaka, kumbukumbu hupungua, mikono hutetemeka, na figo na ini huumia. Nilitaka kuipokonya ile chupa. Mwalimu akanizuia kwa jicho. Baadaye aliniambia, "Ukiichukua leo, kesho atakuwa na nyingine, na wewe hatakusogelea tena."

Asubuhi alimpeleka Dogo kituo cha afya. Hapo nikaona kazi nyingine isiyoonekana. Mtoto wa miaka 12 aliyefika bila mzazi, bila kadi, bila shilingi, akisimama peke yake kwenye dirisha la kuandikisha anaweza kurudishwa mlangoni. Mwalimu alipita kwanza ofisi ya ustawi wa jamii ya pale pale kituoni, akajaza fomu ya msamaha, akarudi na karatasi yenye muhuri. Dogo akasafishwa kidonda, akachomwa sindano ya pepopunda na kupewa dawa za kwenda kunywa. Mwalimu alizibaki nazo mwenyewe, maana vidonge mtaani huuzwa. Kwa siku saba alimtafuta Dogo asubuhi na jioni ili ameze mbele yake.

Simu yangu

Usiku wa nne nilikwenda bila timu. Nilikuwa nimeshazoeleka, nikajiona mwenyeji. Nilimkuta Dogo kwenye boksi lake, mguu umeanza kukauka. Nikamuuliza swali lililokatazwa.

"Kwa nini uliondoka nyumbani?"

"Sipendi shule."

Nikaamini. Kama ni shule tu, nikawaza, si jambo la kumlaza mtoto nje. Nikamuuliza kama anamkumbuka mama yake. Ndipo akaitaja ile namba.

Mama alipopokea na kusikia jina la mwanawe, alilia mpaka nikatoka nje ya ofisi ili wenzangu wasinione na mimi nalia. Alikuwa upande wa Geita. Alisema amemtafuta mtoto mwaka mzima na zaidi. Alisema ana mtoto anayenyonya na hana wa kumwachia, hivyo atakayekuja kumchukua Dogo ni mume wake, baba wa kambo. Jioni baba huyo akanipigia mwenyewe. Sauti ya heshima, maneno ya shukrani. Nikampa siku na mahali.

Mwalimu sikumwambia. Nilijidanganya kwamba nitampa taarifa mambo yakishakamilika, ili afurahi. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeshaanza kuiandika habari yenyewe kichwani, na mwisho wake ulikuwa mzuri.

Tulikutana stendi ya Nyegezi asubuhi. Dogo nilimwambia kuna mgeni wake. Alipomuona baba yake wa kambo hakukimbia wala hakulia. Aliamkia, "Shikamoo baba," akasimama pembeni mikono nyuma. Nikauchukulia ule ukimya kuwa adabu.

Kabla ya kupanda basi aliomba kwenda haja ndogo. Akarudi. Baada ya dakika kumi akaomba tena. Konda alipoanza kuita abiria akaomba mara ya tatu. Nikamtania, "Dogo, umekunywa ziwa zima?" Yule baba akacheka. Dogo hakucheka.

Nauli ya mtoto nililipa mimi. Basi lilipotoka nilipunga mkono mpaka likapotea.

Siku ya tisa

Siku ya tisa Mwalimu alinipigia. Hakuongeza sauti. Aliniuliza tu kama nina nafasi ya kufika kituo cha afya.

Dogo alikuwa amekaa kwenye benchi la mbao amevaa fulana ya mtu mzima. Kidonda cha mguuni kilikuwa kimefunguka tena. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba, na mgongoni sitaeleza nilichokiona. Alikuwa amerudi kwa kudandia lori la mkaa. Aliponiona aligeuza uso ukutani.

Nje, chini ya mwembe, Mwalimu aliniuliza swali moja. "Ulijua alikimbia nini?"

"Aliniambia hapendi shule."

"Hilo ndilo jibu wanalompa kila mtu wasiyemfahamu."

Halafu akaniambia maneno ambayo nayakumbuka kila ninapofungua daftari. "Mtoto akikutajia namba ya kwao, amekupa kitu umtunzie. Hajakuruhusu upige."

Madhara hayakuishia kwa Dogo. Habari zilienea barazani kwamba dada wa gazeti anapiga simu kwa wazazi. Wavulana waliokuwa wakicheza karata walihama. Msichana mmoja wa miaka 15, ambaye timu ilikuwa imemfuatilia kwa miezi na ndiyo kwanza alikuwa ameanza kukubali kwenda kliniki, hakuonekana tena kwa wiki kadhaa. Kazi ya miezi niliivunja kwa simu ya dakika sita.

Kilichokuwa chini ya godoro

Niliomba radhi, nikaomba pia nijifunze. Mwalimu alikubali kwa sharti kwamba nisiandike neno mpaka Dogo mwenyewe akubali. Ndiyo maana mnasoma leo na si mwaka jana.

Kwa wiki tatu Dogo hakusema kitu. Alikuja kituo cha mchana cha ile timu kubadilishwa bandeji, akala, akafua fulana yake, akaondoka. Hakuna aliyemhoji. Wiki ya nne, akiwa anaosha sufuria na Mwalimu, alisema tu, "Mimi ni kikojozi."

Hiyo ndiyo ilikuwa sababu. Mwaka mzima na zaidi wa kulala juu ya boksi, gundi, bati, dagaa wa kuokota, vyote vilianzia kwenye godoro lililolowa.

Nyumbani kwao, kila asubuhi alipokuwa amekojoa, alichapwa. Kisha alitakiwa kujitwisha godoro kichwani na kulizungusha kwenye nyumba za jirani kabla ya kulianika, na watoto wenzake wakimfuata wakimwimbia. Shuleni wakaanza kumwita kwa jina hilo. Kwa hiyo aliposema hapendi shule hakuwa ameniongopea. Alikuwa amenipa kipande kidogo cha ukweli ili aone nitakifanya nini.

Na stendi, zile safari tatu za chooni, alikuwa anajaribu kukamua kila tone kabla ya kurudi kwenye ile nyumba.

Mimi ndiye mwandishi wa afya. Nilipaswa kujua. Kukojoa kitandani si uvivu, si jeuri, wala mtoto hafanyi makusudi, maana amelala. Takriban mtoto 1 kati ya 20 wenye umri wa miaka 10 bado hukojoa kitandani. Mara nyingi ni jambo la kurithi, na ukiuliza vizuri utakuta baba au mama naye alichelewa kuacha. Wengine hulala usingizi mzito mno ubongo usisikie kibofu kinavyoita. Wengine miili yao hutengeneza mkojo mwingi usiku. Kufunga choo kunaweza kukibana kibofu. Yapo pia magonjwa ya kuyaangalia: maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari, siko seli, na kichocho cha mkojo, ambacho kwa watu wa Kanda ya Ziwa wanaooga na kuchota maji kwenye madimbwi na majaruba si jambo geni. Mtoto aliyekuwa ameacha kabisa kisha akaanza upya huenda pia ana hofu au huzuni, kama ya kufiwa, wazazi kuachana, au mtu anayemtesa. Kipigo hakitibu hata kimoja kati ya hivyo. Kinaongeza hofu, na hofu huongeza mkojo.

Kwetu mdogo wangu wa kiume alikojoa kitandani mpaka darasa la sita. Nimelijua hilo ukubwani. Mama yetu alikuwa akimwamsha saa tano usiku kimya kimya, anambeba mpaka chooni, anarudi kulala. Asubuhi shuka likiwa limelowa lilikuwa limeshafuliwa kabla sisi hatujaamka. Hakuna aliyejua. Nadhani ndiyo maana sikuweza hata kuwaza kwamba jambo hilo linaweza kumfukuza mtoto nyumbani.

Jalada la Dogo

Baada ya Dogo kusema, kazi yenyewe ndipo ikaanza. Kwa maofisa ustawi wa jamii inaitwa usimamizi wa shauri la mtoto. Jina zito, lakini nilichokiona ni kama kushona nguo iliyochanika ikiwa bado mwilini.

Kwanza likafunguliwa jalada. Ndani yake hakukuandikwa tu alikotoka. Dogo aliulizwa anataka nini, anamuogopa nani, anamwamini nani. Kwenye anayemwamini alimtaja bibi yake mzaa mama, aliyeko Sengerema. Mama hakuwa amefikiria kumtafuta huko, kwa sababu bibi na baba wa kambo walikuwa hawasalimiani.

Suala la kipigo lilipelekwa polisi, kwenye Dawati la Jinsia na Watoto. Lina utaratibu wake na sitaliingilia hapa.

Daktari alimpima mkojo, ikaonekana ana kichocho, akapewa dawa kulingana na uzito wake. Alitueleza kwamba huenda kichocho si chanzo chote, hivyo tusitegemee muujiza. Akashauri Dogo anywe maji ya kutosha mchana, apunguze jioni, aende chooni kabla ya kulala, na aamshwe mara moja usiku bila kelele.

Kisha ikaja safari ya kwa bibi. Dogo mwenyewe aliniruhusu niende, nadhani ili anipime. Tulivuka Daraja la Kigongo-Busisi kwa dakika chache, pale ambapo zamani tungesubiri kivuko. Dogo hatukuwa naye. Hilo nalo nikajifunza: mtoto hapelekwi kwanza, wakubwa ndio wanaotangulia.

Bibi alitupa viti, akatusalimia sana. Mwalimu na ofisa ustawi waliuliza maswali ambayo mimi nisingeyawaza. Nani analala chumba gani? Usiku nani ataamka? Shule iko umbali gani, na njiani kuna nani? Chakula cha mwezi wa njaa kinatoka wapi? Wajukuu wengine watampokeaje? Mwenyekiti wa kitongoji anajua? Kumbe upendo wa bibi peke yake hautoshi. Lazima pawepo godoro, unga na mtu wa kuamka usiku.

Wiki mbili baadaye kikafanyika kikao cha familia, mama akaja na kichanga mgongoni, na baba wa kambo akaitwa. Nilikuwa nimemchukia mtu huyo, nikategemea kumuona shetani. Nikaona mwanaume aliyechoka, mikono migumu kwa kazi za machimboni. Alisema naye alilelewa hivyo hivyo. Akasema, "Samaki mkunje angali mbichi."

Bibi akamjibu bila kumtazama, "Ukimkunja kwa nguvu anavunjika. Huyu ameshavunjika, mnataka kukunja nini?"

Mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema kitu ambacho kimenikaa moyoni kuliko kipigo chenyewe. "Kila asubuhi nilikuwa nasikia. Nilikuwa nachukua ndoo naenda kuchota maji."

Sikumsikia mtu akimlaumu. Ofisa ustawi alimuuliza tu, "Kuanzia sasa utakuwa unafanya nini?" Akajibu atakuja kumuona mtoto kila baada ya wiki mbili, na atakuja peke yake. Likaandikwa, akaweka dole gumba.

Uchunguzi mkubwa wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanywa na UNICEF, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani (CDC) na Chuo Kikuu cha Muhimbili, ulionyesha kwamba zaidi ya vijana saba kati ya kumi nchini walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Wengi hawakukimbia nyumbani. Walibaki, wakakua, na baadhi yao leo ndio sisi wenye watoto.

Dogo alihamia kwa bibi mwezi uliofuata. Shule imempokea kupitia MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, akisoma na watoto wadogo kidogo kuliko yeye. Jina lile hawalijui huko. Mwalimu alimtembelea baada ya wiki, baada ya mwezi, na baada ya miezi mitatu. Jalada bado liko wazi. Mara mbili alitoroka, mara zote akaishia kwa mwenyekiti wa kitongoji, akarudi mwenyewe kabla ya usiku. Gundi aliivuta tena siku moja alipokwenda mnadani. Kitandani bado anakojoa mara moja moja. Bibi anaanika shuka nyuma ya nyumba, upande wa shamba, na hasemi kitu.

Sisi wazazi na walezi

Mimi mwenyewe sijapata mtoto bado, hivyo sitawafundisha kulea. Nitasema tu nilichokiona.

Watoto niliokutana nao hawakuondoka kwa sababu ya siku moja. Kulikuwa na jambo la kila siku ambalo mtu mzima alilisikia akachukua ndoo. Kwa mmoja ni mkojo, kwa mwingine ni kulinganishwa na watoto wa baba, kwa mwingine ni mjomba aliyekuwa akiingia chumbani. Ukiona mtoto ameanza kuchelewa kurudi, analala kwa rafiki, anakwepa mtu fulani wa nyumbani au anaogopa asubuhi, muulize mkiwa wawili tu, tena si mara moja. Jibu la kwanza atakalokupa huenda likawa "sipendi shule".

Kama mtoto ameshaondoka, toa taarifa siku hiyo hiyo kwa mwenyekiti au mtendaji wa mtaa na polisi, Dawati la Jinsia na Watoto. Usione aibu. Siku za kwanza hajazoea gundi wala hajapata kundi, na ni rahisi zaidi kurudi. Akipatikana, mshikeni ustawi wa jamii wawasaidie kabla ya kumwingiza mlangoni, na huyo aliyemkimbia asiwe ndiye anayetumwa kumchukua.

Na ukikutana na mtoto wa mwenzio kwenye baraza la duka usiku, usifanye nilichofanya mimi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka kila mwanajamii atoe taarifa kwa serikali ya mtaa anapoona haki ya mtoto inavunjwa. Piga 116, ni namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri. Mpe chakula ale mbele yako, msalimie, muulize jina. Mengine waachie wenye jalada.

Mwezi uliopita nilikwenda Sengerema kumsomea Dogo makala haya. Alisikiliza mpaka mwisho akichora chini kwa kijiti. Alinitaka nitoe sehemu mbili, nikazitoa. Ile ya mkojo nilimwambia tunaweza kuificha. Akafikiri, akasema iache, kwa sababu barazani kulikuwa na wengine wawili kama yeye.

Nilipoaga alinishika mkoba, akanitajia namba. Ya bibi. Nikaiandika.

"Hii unaweza kupiga," akasema. "Ila uniombe mimi kwanza."